Njia ya Mbele ya Nyumba ya Mama

Bunia, kartye Rwambuzi
Tarehe 8, mwezi wa tatu 2009

Kwako Vital, mutoto wa mama,

Salamu nyingi kutoka kwa mama, kwa Glodie binti yangu, na kwangu miye yaya yako Adeline, dada yako mukubwa. Siye tuko wazima, Mungu anatulinda. Mama miguu inamuuma lakini mudomo haimuumi hata kidogo: kila asubuhi anauliza kama mutu wa huko kwako Kpandroma amesha kufika na barua. Nilimuambia siku hizi kuna telefone. Akasema telefone inakatika mbele mutu hajamaliza salamu, na tena haisomwe mara ya pili. Basi andika. Nitamusomea kwa sauti mu salon kama kawaida, kwa hiyo chunga maneno yako.

Kanyere jirani yetu alizaa mapacha. Miye nafundisha watoto makumi sita na wawili mu darasa moja, na mushahara haijafika tangu Noeli. Hiyo wimbo unaijua.

Sasa neno lenyewe. Unakumbuka njia ya mbele ya nyumba, pale mulikuwa munapiga mupira? Haiko tena njia. Tangu yule tajiri alijenga depo yake ku mwisho wa avenyi, kamyo zinapitaka hapa muchana yote, zile kubwa za matairi kumi, na maharagi, na mbao, na simenti. Katikati kuna shimo yenye mutu anaingia mupaka kwa magoti, na mvua ikinyesha maji yote inashuka kwetu. Kamyo ikiona shimo inakimbilia pembeni, na pembeni ni ukuta wa mama. Kuna ufa inaanza ku dirisha ya chumba yake inashuka mupaka chini. Juzi niliingiza mukono, ikaingia yote mupaka kwa saa yangu.

Kila siku ya posho, mbele ya siku ya Mungu, tunafanya salongo, kazi ya avenyi yote. Tunajaza mawe, tunajaza vipande vya mabati ya zamani, tunapiga na miguu. Siku ya kwanza ya juma, jioni, kamyo zimesha kutafuna yote. Kidole moja haiuwake chawa, sawa, lakini hapa vidole ni vingi na chawa ni tembo.

Wamenichagua presidente wa komite ya njia. Usicheke. Fiacre, shefu wa avenyi, alisema mwalimu anajua kuandika. Naandikia wakubwa wa komini, na naandikia weye pia, sababu weye uko kule mu biashara ya maharagi na wenye kamyo, unakula nao. Ongea nao. Kila mumoja alete mawe safari moja tu. Hatuombi lami. Bila hiyo, mvua kubwa ikirudi hii nyumba haitasimama, na mama anasema hatoki ndani, hata wamubebe na kitanda.

Ni miye,
Adeline

*

Kpandroma, tarehe 2, mwezi wa ine 2009

Kwa yaya Adeline, na kwa mama yetu mupenzi,

Nawasalimu mu jina ya Bwana. Huku baridi ni kali, tunalala na makoti. Barua ilifika imelowana lakini nilisoma yote. Mama, pole na miguu. Nimetuma gunia ya viazi, yaya akuchemushie, na usimuambie eti umeshiba.

Yaya, pongezi! Presidente! Nilisimulia watu wa korali wakapiga vigelegele.

Juu ya njia, hiyo ni neno kubwa. Niliongea na wenye kamyo wawili, watatu. Wanasema: siye tunalipa kodi ku peaje, ku kamba ya serikali, tunalipa ku mulango wa muji, tunalipa kila mutu mwenye kuvaa kofia. Sasa tena tulipe na avenyi za watu? Wanasema serikali inakamata pesa ya njia, basi itengeneze njia. Sisemi wako na haki. Nasema tu vile wanasema. Na waliambiana: mwenye atatoa jiwe moja mbele ya wenzake atawaponza wote, sababu kesho kila avenyi ya Bunia itanyoosha mukono.

Tuombe. Mungu anafanyaka njia pahali hakuna njia. Nitakuja Pasaka, kazi ikiruhusu.

Mutoto wenu,
Vital

*

Rwambuzi, tarehe 26, mwezi wa ine 2009

Vital,

Salamu. Pasaka ilipita na hatukukuona. Viazi vilifika, mama alikula, kisha akasema viazi haviwezi kukaa ku kiti na kuongea. Mapacha ya Kanyere inanenepa. Glodie alipita mutihani.

Ku komini nilienda mara ine. Mara ya kwanza mwenye biro alikuwa mu mukutano. Mara ya pili alikuwa ku matanga. Mara ya tatu alinipokea vizuri sana, akaniambia avenyi si ya komini, ni ya muji. Ku muji wakaniambia njia yenye kupitisha kamyo nzito ni ya jimbo. Jimbo iko Kisangani, nitaenda na miguu? Wale wa mradi wa njia kubwa, wenye mashini za manjano, walisema kazi yao inaishia ku rond-point ya katikati ya muji, wakanipa kalenda. Tajiri wa depo anasema yeye hana kamyo hata moja, anapokea mizigo tu. Kila mutu alinipa kiti na jina ya mutu mwingine. Mukono mutupu haurambwake, na miye nilikuwa na karatasi tu.

Hii ingine naiandika ku karatasi ya pembeni, sitamusomea mama. Juma iliyopita kulipita kamyo ya bleu, mbele imeandikwa na rangi nyeupe: BRUNO HAKUFA. Mama alikuwa ku baraza. Hajui kusoma, Mungu asifiwe. Miye nikakaa chini mu vumbi. Ni nani huko kwenu mwenye kuandika jina ya kaka yetu ku kamyo? Najua, wenye kuitwa Bruno ni wengi. Lakini tangu ile siku ya 2003, wenye silaha walimushika ku baryere, kamba yao ilikata njia na hakuna mutu alipita, siye hatukuzika hata kiatu yake. Uliza, uniambie.

Na ni hiyo kamyo ilikwaruza ukuta. Matofali mawili yalianguka.

Adeline

*

Kpandroma, tarehe 30, mwezi wa sita 2009

Yaya, mama, salamu nyingi.

Munisamehe kwa kuchelewa, malaria ilinilaza, kisha kulikuwa mavuno ya maharagi, kisha pasta alitaka tujenge paa ya kanisa. Siku zinakimbia.

Juu ya ile jina, yaya, majina ni ya Mungu, mutu yeyote anaweza kuandika. Usisumbuke nayo. Na wenye kamyo usiwaone kama matajiri. Kamyo inakula kuliko mutu. Tairi moja ikipasuka inatumaliza, mukanishi anangoja, dereva anangoja, bibi ya dereva anangoja. Mutu analala na kamyo mu kichwa.

Nimetuma mifuko mbili ya simenti. Ni ya ile ufa. Muite fundi aifunge muzuri, na mama asilale upande wa dirisha.

Bwana awabariki.
Vital

*

Rwambuzi, tarehe 12, mwezi wa saba 2009

Vital,

Mama anakusalimu sana. Anakusalimu kuliko siku zote, na utasikia ni juu ya nini.

Dereva mwenye kuleta simenti, anaitwa Xavier, ni mutu wa adabu. Nilimupa chai. Mama akamuuliza anatumika kwa nani. Akajibu na furaha, "Kwa patro Vital na patro Gérard. Kumbe hamujui? Kamyo ni yao, sasa ni mwaka moja." Mama alikamata fimbo yake, akasimama. Kisha akamuomba amushike mukono, amupeleke aiguse, ile kamyo ya bleu. Aligusa mulango, aligusa taa, aligusa zile herufi hajui kusoma, akasema, "Ni ya mutoto wangu." Alifurahi, Vital! Alifurahi, na nyumba yake inapasuka nyuma ya mugongo wake.

Ungetuambia. Nani angekukatalia kuwa na kamyo? Tungechinja kuku! Lakini unaniandikia "wenye kamyo wanasema", "wenye kamyo usiwaone kama matajiri", na mwenye kamyo ni weye. Unanitumia simenti ya kufunga ufa yenye matairi yako inafungua. Na jina ya Bruno ku kipaji ya kamyo! Haya ulificha nani, miye ao mama?

Sasa sikiliza. Komite ilikaa. Fiacre alisema tufunge baryere: kamyo isipite mupaka imelipa mawe. Nilikataa mara mbili. Nilisema mu hii muji, mutu haiti neno baryere ovyo, kila nyumba iko na mutu wake mwenye kubaki ku baryere. Wakanijibu: basi itakuwa ya wamama. Tutakaa siye wanawake ku viti, muchana, na basini ya kuwekea pesa ya mawe, na kitambaa nyeupe ku kamba. Nani ataogopa wamama? Na ukuta haingoji. Nilitia sahihi. Tutaanza tarehe moja ya mwezi wa nane. Ambia wenzako. Na weye, mwenye kamyo, anza.

Adeline

*

Kpandroma, tarehe 20, mwezi wa saba 2009

Yaya,

Leo sina salamu, unisamehe. Musifunge baryere. Nakuomba na magoti chini. Yote uliandika ni kweli, nitukane, niko hapa. Nitakuja miye mwenyewe mwanzo wa mwezi wa nane na pesa ya mawe ya safari kumi. Gérard hajui. Nitashuka mbele ya watu wote nitoe, na wenzangu waseme vile wanataka. Lakini kamba musiifunge, hata ya wamama, hata na kitambaa nyeupe. Usiniulize sababu.

Vital

*

Rwambuzi, tarehe 27, mwezi wa nane 2009

Vital,

Mukono yenye kuandika ni ya Glodie. Maneno ni yangu, nasema, yeye anaandika. Mama ni muzima.

Barua yako ya mwezi wa saba ilifika jana. Mwenye kuibeba alikwama mu matope majuma mawili, kisha akaisahau mu koti. Kwa hiyo tulikuwa tumesha kufunga.

Siku ine za kwanza zilienda vizuri, hata miye nilishangaa. Kamyo saba zilisimama. Dereva mumoja alitutukana, mwingine alitupatia sukari. Tulinunua mawe, ikaanza kuwa mingi mbele ya nyumba, na mama alikuwa anaiangalia kama mutu anaangalia ng'ombe zake. Siku ya tano, saa kumi, jua bado iko juu, tukaona kamyo ya bleu inakuja. Nilisimama, nikashika mwisho wa kamba. Nilitaka kuifungua miye mwenyewe, kwa heshima, sababu ni kamyo ya kwetu. Xavier alipunguza mwendo. Niliona anapunguza. Kisha mutu wa pembeni yake akapiga kelele, akakamata usukani, na kamyo ikaruka mbele.

Kamba ilikuwa imezunguka mukono yangu. Ku hospitali wamekata vidole viwili vya kuume. Kamyo iligonga pembe ya nyumba ikaenda, haikusimama, na dirisha ya mama ikaanguka ndani ya chumba. Yeye alikuwa ku baraza, hakuumia.

Watu wa avenyi ya pili walisikia kelele wakafikiri vita imerudi. Walifunga maduka. Kanyere alikimbia na mapacha mupaka kanisani, mumoja mbele, mumoja mugongoni, akalala huko siku mbili. Hakuna mama hata mumoja mwenye kukubali kurudi ku kiti. Polisi walitueleza kwamba kufunga njia ya watu wote ni kosa. Kamyo zinapita tena bure, na mawe ya wale saba imesha kumezwa na shimo.

Mama aliniuliza ni nani alikuwa amekaa pembeni ya Xavier. Nilimujibu nilianguka, sikuona.

Yaya yako

*

Kpandroma, tarehe 14, mwezi wa kumi 2009

Yaya, na mama,

Hii barua uisome yote, mbele ya mama pia. Hakuna karatasi ya pembeni.

Uliona. Tuliangaliana, macho kwa macho. Unanilinda kwa mama na miye sistahili.

Ile siku ya 2003 niliwaambia Bruno alinitangulia na baiskeli, na miye nilikuwa mbali nyuma. Nilidanganya. Tulikuwa wawili, bega kwa bega. Tulipoona kamba, nikamuambia, "Kaka, tukimbie, bado hawajatuona." Bruno akasema, "Hapana. Ni vijana wa kartye yetu, nawajua. Mwenye kukimbia ndiye anaonekana na kosa." Tukasimama. Wakamushika yeye mbele, wakamuuliza karte ya utambulisho. Miye nikarudi nyuma hatua moja. Hatua ya pili. Kisha nikakimbia. Nilisikia ananiita, "Vital! Vital!" Hakulia. Aliniita tu, vile alikuwa ananiita nyumbani kuja kula.

Miaka sita sijasimama ku kamba. Huku, tukikaribia peaje, nashuka mbele, napita mu majani, kamyo inanikuta upande wa pili. Xavier anafikiri naenda kukojoa. Jina yake niliiandika ku kamyo ili angalau kitu yake ipite kila pahali na hakuna mutu aishike.

Nilijua ni nyinyi. Niliona kitambaa, niliona viti, nilikuona weye na kitenge yako ya kijani. Kichwa ilijua. Mwili haikujua. Pesa ya mawe ilikuwa mu koti yangu, yaya, nilikuwa nakuja kuitoa.

Natuma hiyo pesa na Xavier, yote. Wenzangu wamesha kujua na hawanisalimu. Vidole vyako siwezi kuvirudisha. Kuja kwenu siwezi, bado siwezi.

Vital

*

Rwambuzi, tarehe 6, mwezi wa kumi na mbili 2009

Vital,

Naandika na mukono ya kushoto. Herufi ni za mutoto wa darasa la kwanza, vumilia. Glodie alitaka kunisaidia, nikakataa, hii ni ya kwetu wawili. Mama ni muzima. Mapacha ya Kanyere inasimama sasa, na tunawaona muchana yote, sababu tunakaa kwake, mu chumba moja ya nyuma.

Nilisoma barua yako mbele ya mama, yote, sikuruka kitu. Siku ya tatu, tukichagua mchele, akasema, "Bruno ndiye alikuwa mukubwa. Angemusikiliza mudogo wake." Ni hiyo tu. Sijui kama anakusamehe ao anamugombeza Bruno. Miye bado, Vital. Sitakudanganya. Ukija nitakupikia, nitakutandikia, lakini bado.

Pesa yako ilinunua mawe safari tisa, bei ilikuwa imepanda. Tulijaza, tukafurahi majuma mawili. Mvua ikabeba yote mupaka ku mutaro wa soko. Na siku ya ine ya juma nikiwa ku masomo, saa tano, ukuta wa mbele ulianguka. Mama alikuwa jikoni. Alitoka na kijiko ku mukono, akaangalia, akarudi kuzima moto ili maharagi isiungue. Aka, mama yetu! Jioni tukatosha kitanda yake inje kwa nguvu. Hakusema tena kwamba hatoki.

Kisha Fiacre akakuja. Alivua kofia, alizunguka maneno, habari ya miguu, habari ya mukono, hakuweza kuingia mu neno. Mama akamuuliza, "Unataka matofali?" Fiacre akaangalia chini. Mama akasema, "Tuliyachoma na baba yao miezi mitatu, haiyeyuki na maji. Mubebe." Nilimuambia, mama, tunaweza kujenga tena, hata chumba moja. Akanijibu, "Ujenge ku nini? Shimo iko ku mulango."

Siku ya posho avenyi yote ilitoka ku salongo. Watu wengi hivyo sijaona tangu vita iishe. Walivunja chumba yake mbele, kisha salon, kisha ile chumba ya nyinyi na Bruno. Waliponda matofali na nyundo, wakatandika mu shimo ya njia, wakashindilia, mama amekaa ku kiti anawaonyesha na fimbo pahali bado pako chini. Juma ya nyuma mutu wa komini alikuja kuangalia. Alipima na hatua, akaandika kwamba avenyi imetengenezwa na wakaaji, akatupa pongezi. Tangu hapo hakuna mutu anauliza tena nani atalipa.

Xavier alipita juzi na maharagi yako, kamyo imejaa mupaka juu. Alitupungia mukono, mama akamurudishia. Alipita polepole juu ya chumba ya mama, kisha juu ya yenu. Haikukwama.

Adeline